Mchoraji wa Wenye Ufunguo

Kabla watu hawajaanza kupiga picha mlango wake, mchoraji huyu hakujulikana na yeyote zaidi ya ndugu zake na wenzake wa kazini, na hali hiyo alikuwa ameizoea, hata kuipenda. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha vifungashio. Alichora maboksi ya sabuni, pakiti za mbegu na lebo za dawa ya mende. Meza yake ilikuwa dirishani, ghorofa ya pili, juu kabisa ya mashine za kukata makaratasi, na kila mashine zilipowashwa penseli zake zilitetemeka ndani ya kikombe kama meno ya mgonjwa wa homa.

Miaka kumi na miwili nyuma, akiwa bado hana kazi ya kudumu, alichora mchezo wa kadi. Aliyeutunga alikuwa mwalimu wa hesabu, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, ambaye alitaka wanafunzi wake wajifunze kukadiria mambo bila kusinzia. Mchezo aliuita Wenye Ufunguo. Kila mchezaji aliongoza chama cha siri, na kila chama kilijaribu kuuteka mji bila wenyeji kushtuka: leo unalitia gazeti mfukoni, kesho unaliangusha daraja, keshokutwa unapenyeza mtu wako hospitalini. Kadi zilikuwa tisini na sita. Mshindi ni yule ambaye hadi mwisho hakuna aliyemtambua. Mwalimu alichapisha seti mia tano, akauza chache, nyingi akazigawa, halafu moyo ukamsimama akiwa anamwagilia maua yake. Mchezo ukasahaulika kwenye makabati ya watu.

Alama ya chama kikubwa katika mchezo ule ilikuwa ufunguo. Mchoraji aliuchora akiangalia ufunguo wa kabati la marehemu mama yake, wa kizamani, wenye meno matatu na tundu la mviringo kichwani. Mpiga chapa aliurudisha mchoro mara mbili. Tundu lilikuwa dogo mno, wino ulijaa ukaliziba, na ufunguo ukatoka kama kijiko. Mchoraji akalipanua tundu. Sasa likawa wazi mno, likakaa kama pengo mdomoni, basi akatia nukta katikati ili lisionekane tupu. Hivyo ndivyo ufunguo ulivyopata jicho. Hapakuwa na kikao wala kiapo. Palikuwa na mpiga chapa mwenye mafua aliyetaka kazi iishe kabla ya Ijumaa.

Kisha daraja likakatika. Lilikuwa daraja la waenda kwa miguu, la chuma, lililovuka njia ya reli, na lilikatika asubuhi ya siku ya kazi likiwa limejaa watu. Sita walifariki. Mmoja wao alikuwa fundi umeme aliyeitwa Mrefu, kwa sababu alikuwa mrefu kweli, wa kubadilisha taa ya darini bila kupanda kitu. Alikuwa rafiki na mshirika wa kazi wa kaka yake mchoraji kwa miaka kumi na tisa. Asubuhi hiyo alikuwa anatangulia kwenye nyumba waliyokuwa wakiitia nyaya, na kaka alikuwa nyuma kwa dakika kumi kwa sababu alirudi nyumbani kuchukua koleo.

Hazikupita wiki mbili, mtu asiyejulikana akaweka mtandaoni picha mbili zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Moja ilikuwa ya gazetini, ya daraja lililoanguka. Nyingine ilikuwa kadi ya kumi na saba ya Wenye Ufunguo. Kwenye zote mbili daraja lilikuwa limekatika kwenye nguzo ya pili kutoka kushoto, na kwenye zote mbili kiatu kimoja kilining'inia kwenye chuma. Picha zikazagaa kama moto wa makuti. Watu wakazisaka kadi nyingine, wakaona benki iliyofungwa, wakaona soko lililoungua, wakaona jicho ndani ya ufunguo kila mahali, na chini ya kila kadi, kwa herufi ndogo, jina la mchoraji.

Yeye alijua kwa nini ni nguzo ya pili. Upande wa kulia Mwalimu alitaka nafasi ya kuandika pointi. Kiatu alikitia kwa sababu chuma kile kilionekana kimepooza. Alieleza hivyo kwa mwandishi mmoja wa habari, akaeleza kwa wenzake kazini, akaeleza kwa mwenye nyumba wake, na kila alipoeleza maelezo yalizidi kuonekana kama kisingizio. Wenzake walimtania kwamba akichora mvua kwenye pakiti ya mbegu waje na miavuli. Mtu mmoja nadhifu kabisa alimsimamisha barabarani akamwomba kwa heshima amdokeze timu itakayochukua kombe. Hayo aliyacheka. Hakucheka alipofungua mlango asubuhi moja akakuta umechorwa ufunguo kwa rangi nyekundu, wenye jicho, tena aliyeuchora alikuwa na mkono mzuri.

Kitu ambacho hakumwambia mtu ni kwamba yeye mwenyewe aliitoa kadi ya kumi na saba akaiangalia kwa lenzi, zaidi ya mara moja. Hakujua anatafuta nini. Aliirudisha akaosha mikono.

Kaka yake alikuja Jumapili mchana, na seti nzima ndani ya mfuko wa plastiki. Huyu kaka alimtangulia kwa miaka saba, na wazazi walipofariki ndiye aliyebaki naye. Alimsuka nywele vibaya kila asubuhi ya shule, akamfundisha kuendesha baiskeli, akampachika jina la Kifutio kwa sababu alikuwa na tabia ya kutafuna vifutio darasani. Hakuwa mtu wa porojo. Alikuwa fundi, mtu anayeamini kwamba taa isipowaka kuna waya umekatika mahali fulani, na kazi ni kuutafuta.

Alikaa chini, akazipanga kadi sakafuni kama mtu anayepanga vigae, akafungua daftari la mistari ya mraba. Aliuliza kadi moja baada ya nyingine, na mchoraji, dada yake, alijibu. Jengo hili lilitoka kwenye kalenda. Mzee huyu ni mwenye nyumba tuliyepanga kwake zamani, humkumbuki? Nyoka huyu ni mpira wa kumwagilia maua wa Mwalimu. Kaka aliandika kila kitu kwa mwandiko wake wa kulala. Alipofika kadi ya arobaini na moja aliweka kalamu chini. Iliitwa Chumba cha Upasuaji. Mtu alikuwa amelala kitandani, amefunikwa shuka hadi kifuani, na nyuma yake wamesimama watatu waliofunika nyuso. Ukutani palikuwa na saa, na mishale yake ilionyesha saa tisa.

Aliyelala alikuwa kaka mwenyewe. Wote wawili walilijua hilo. Siku ile mchoraji hakuwa na mtu mwingine wa kumlaza, basi akamwomba kaka yake ajinyooshe kwenye benchi, na kaka akalala usingizi wa kweli, akakoroma, ikawa hadithi ya kuchekesha nyumbani kwa miaka mingi.

Kaka akauliza ni nani aliyetaka achorwe yeye. Mchoraji akasema ni yeye mwenyewe, hakukuwa na mwingine pale nyumbani. Kaka akauliza Mwalimu alifariki tarehe gani hasa. Akamwambia. Nayo akaiandika.

"Kaka," alisema mchoraji, "Mrefu alikufa kwa sababu daraja lilikuwa bovu."

"Lilikuwa bovu miaka mingapi?" kaka akamjibu, bila kuinua sauti. "Watu walipita, likasimama. Mikokoteni ilipita, likasimama. Mbona likamngoja yeye?"

Kaka akakusanya kadi zake, na mlangoni akamuuliza swali ambalo tangu siku hiyo alilirudia kila walipoonana, kwa simu na ana kwa ana, wakati mwingine katikati ya mazungumzo mengine kabisa: je, wewe ni mmoja wao? Na kila mara dada yake alisema hapana, mwanzoni kwa kucheka, baadaye kwa kuchoka, mwishoni kwa hasira.

Miezi minne ilipita hivyo. Kaka alipungua mwili. Wifi, yaani mke wa kaka, mwanamke mchangamfu aliyeuza vyombo vya plastiki kwenye kibanda karibu na stendi, alisema mumewe sasa anakula huku anasoma lile daftari, na ameacha kukubali kazi kwenye majengo yenye zaidi ya milango mitatu. Alisema kwa mzaha, lakini macho yake hayakuwa na mzaha.

Halafu yakaja maumivu. Yalianza chini ya mbavu za kulia, yakapanda begani, kaka akajikaza siku tatu hadi alipoanza kutapika na kutetemeka kwa homa. Wifi akamburuta hospitali. Daktari aliyempima alikuwa mwanamama wa makamo, mwenye sauti ya taratibu. Alieleza kwamba mawe yameziba mrija wa nyongo, kifuko chake kimevimba na kimeanza kutunga usaha, na dawa peke yake hazitatosha. Apasuliwe, na isizidi kesho. Zaidi ya hapo sumu ingeingia kwenye damu. Kaka alisikiliza vizuri, akaitikia, akauliza maswali ya maana. Kisha muuguzi akaja na karatasi ya ratiba, akamwambia nafasi yake ni kesho, saa tisa alasiri.

Kaka akashuka kitandani, akavaa shati, akaondoka kwa miguu yake. Hakuna aliyeweza kumzuia.

Kesho yake, saa nne asubuhi, wifi alimpigia simu mchoraji kazini. Hakuwa analia. Alisema tu, "Wifi, njoo. Macho yake yamekuwa manjano."

Mchoraji alipitia nyumbani kwake kwanza. Alikuwa na wazo ambalo njia nzima lilionekana la maana: chini ya kitanda alikuwa na jalada la michoro ya mwanzo, yote, ya penseli, yenye makosa na marekebisho. Kaka alikuwa mtu wa kufuata waya. Basi amwonyeshe waya wote, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Alimkuta amelala kwenye kochi sebuleni, magoti ameyakunja, jasho linamtoka. Pazia lilikuwa limefungwa na chumba kilinuka matapishi na sabuni. Binti yao, mwenye miaka minane, alikuwa amepelekwa kwa jirani. Mchoraji akapiga magoti, akafungua jalada, akamwonyesha mchoro mmoja baada ya mwingine. Huu hapa ufunguo kabla haujawa na jicho. Hii hapa barua ya mpiga chapa akilalamika kuhusu wino. Huyu ni wewe kwenye benchi, ona, hata mate yanakutoka, niliyafuta baadaye.

Kaka aliangalia. Kwa muda mfupi mchoraji alidhani amefaulu. Kisha kaka akanyoosha kidole pembeni ya karatasi moja, mahali ambapo Mwalimu alikuwa ameandika kwa penseli nyekundu: Ufunguo uonekane zaidi.

"Kwa nini uonekane zaidi?" kaka akauliza. "Uonekane na nani?"

Akageuza shingo akafumba macho. Mchoraji alimweleza kwamba Mwalimu alikuwa haoni vizuri, ni miwani tu. Akamwambia kuhusu usaha na damu na saa zilizobaki. Alimlilia. Alimkumbusha mtoto. Kaka alijibu mara moja tu, kwamba mtu akiona jina lake limeandikwa juu ya jeneza haingii humo ili kuwafurahisha ndugu.

Mchoraji akatoka kwenda jikoni. Wifi alikuwa amesimama mbele ya sinki, amelishika kwa mikono miwili. Bomba lilikuwa linatiririka na hakuwa anaosha kitu.

Wifi akataka kujua kaka amesema nini. Mchoraji akamwambia ameuliza kama kawaida yake, na yeye amekataa kama kawaida. Wifi akafunga bomba.

"Hiyo hapana yako ndiyo inayomuua," alisema. "Mimi sijui mambo ya kadi. Najua tu kwamba siku zote anakuuliza wewe. Haniulizi mimi, hamuulizi daktari. Anangoja wewe useme neno."

Saa ya jikoni ilionyesha saa tano na nusu. Mchoraji aliosha uso. Alikaa pale kwa muda usiozidi wa kuchemsha birika, na baadaye, kila alipojaribu kukumbuka aliwaza nini, alikumbuka tu kitambaa cha kufutia sahani kilichokuwa kimening'inizwa kwenye msumari, na tundu kwenye pindo lake.

Alirudi sebuleni, akavuta kiti, akakaa wima. Hakupiga magoti tena.

"Niulize," alisema.

Kaka akafumbua macho. Weupe wake ulikuwa na rangi ya karatasi iliyokaa juani.

"Nikuulize nini?"

"Unachoniuliza siku zote."

Kaka alimwangalia kwa muda mrefu. "Wewe ni mmoja wao?"

"Ndiyo," alisema mchoraji.

Alidhani kaka angeshtuka, au angekataa kuamini, kwa kuwa sauti yake mwenyewe aliisikia ya uongo mtupu. Lakini kaka alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Akauliza tangu lini. Mchoraji akasema tangu kabla ya kadi. Akauliza kama Mwalimu naye. Akasema Mwalimu naye. Maneno yalikuja yenyewe, moja likiita jingine, na hilo ndilo lililomtisha: hakulazimika kubuni chochote, kila kitu kilikuwa tayari kimeandikwa kwenye lile daftari la mraba, yeye alikuwa anatia sahihi tu.

"Sikiliza vizuri," alisema. "Kadi ile umeisoma vibaya. Wale watatu hawamngojei aliyelala afe. Wanamlinda. Niliomba mimi uwekwe pale, kwa sababu aliye kwenye kadi ile hakuna anayeruhusiwa kumgusa. Na saa tisa ni saa yako. Ukiikosa hiyo, sina uwezo tena."

Nje mtu alikuwa anapita akiburuta kitu cha chuma kwenye lami. Mchoraji aliona vidole vya kaka yake vinahesabu kitu juu ya blanketi, vinaunganisha, vinatafuta mahali waya ulipopita. Kisha vikasimama.

"Na daraja?" kaka akauliza. "Mlijua?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Alikuwa ameona mlango mmoja tu, wa hospitali, na akaukimbilia. Angesema hawakujua, kingekuwa chama gani hicho, kisichojua kuhusu daraja lakini kinaweza kumlinda mtu kitandani? Kaka angeushika uongo palepale. Alikuwa na kichwa kizuri, hata katika homa ile.

"Tulijua," alisema mchoraji.

"Na Mrefu?"

"Mrefu hakuwa kwenye kadi."

Kaka akageukia ukuta. Mgongo wake ulitikisika, bila sauti, na mchoraji akabaki amekaa wima kwenye kiti kwa sababu mtu aliyesema maneno yale hangeweza kuinuka akamkumbatia. Baada ya muda kaka, bado ameelekea ukutani, alimwita mkewe amletee viatu.

Walifika hospitali saa saba. Daktari yule mwanamama hakuuliza maswali, alisema tu vizuri mmerudi, akaita wauguzi. Saa tisa ilipofika chumba cha upasuaji kilikuwa bado hakijawa wazi, kuna mgonjwa mwingine amechelewa kutoka, na kaka akaanza kuhangaika kitandani, amekishika chuma cha pembeni, macho yako kwenye saa ya ukutani. Tisa na dakika tano. Tisa na robo. Alianza kuvuta mrija wa dripu aliotiwa mkononi. Mchoraji aliinama sikioni mwake akamwambia saa ya kwenye kadi iko nyuma kwa dakika ishirini, kila mtu wa ndani anajua. Kaka akatulia. Muuguzi aliyesikia alimtazama mchoraji, akatabasamu kidogo, akidhani ni utani wa ndugu.

Alipasuliwa. Daktari alipotoka alikuwa na alama za kofia kwenye paji la uso, akasema kifuko kilikuwa kimeanza kuoza, na kwamba kama wangekuja jioni angekuwa anazungumza nao maneno mengine. Wifi alikaa chini sakafuni, palepale koridoni, akalia kwa mara ya kwanza.

Kaka alilazwa siku tisa, akapona vizuri. Kovu lilifunga, hamu ya kula ikarudi. Alikuwa na adabu nyingi kwa dada yake. Alimshukuru kwa matunda, alimuuliza habari za kazi, alisubiri akae ndipo naye akae. Hakumwita Kifutio. Alimwita dada, kama anavyoitwa mwanamke usiyemfahamu kwenye foleni ya benki, na alipozungumza naye aliangalia mikono yake, kamwe si uso. Mchoraji alijiambia apone kwanza, halafu nitamweleza. Alipopona alijiambia apate nguvu kwanza.

Hakupata nafasi ya kuchagua siku. Wiki ya sita, wakati wa mapumziko ya mchana, mlinzi wa kiwanda alimpigia simu mezani kwamba ana mgeni. Alikuwa mke wa Mrefu. Mchoraji alimfahamu kwa sura, kutoka msibani: mwanamke mfupi, mshonaji wa sare za shule, na hata siku hiyo kifuani kwenye gauni lake palikuwa na pini mbili alizosahau kuzitoa. Wakaingia kwenye chumba cha marobota ya karatasi, ambako hapakuwa na mtu, na mgeni akakataa kuketi.

Alisema kaka amekuja kwake. Amemwambia kwa uchungu kwamba hawezi kukaa na jambo lile moyoni na huku anakula ugali wa marafiki, kwamba kuna watu walijua, na kwamba mmoja wao ni dada yake mwenyewe. Mke wa Mrefu alisema hayo yote bila kupepesa, kisha akauliza kama ni kweli.

Mchoraji alimweleza kila kitu. Alieleza ufunguo na wino, nguzo na pointi, kochi na macho ya manjano na bomba la jikoni. Hakujitetea. Alipofika pale aliposema Mrefu hakuwa kwenye kadi, alishindwa, akaanza upya, akalisema.

Mke wa Mrefu alikuwa ameegemea robota. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa karatasi, taratibu, kama anayepima kitambaa.

"Ripoti ya wakaguzi nimeisoma," alisema. "Inasema nati zilikuwa na kutu. Kurasa arobaini, mwanzo mpaka mwisho ni kutu. Wewe mwambie mtu aichukie nati." Akaondoa kidole kwenye karatasi. "Nimekuja kwa miguu kutoka kwangu mpaka hapa nikiomba iwe kweli. Ingekuwa wewe, ningejua nimtazame nani."

Mchoraji akamwomba msamaha. Mke wa Mrefu akasema hajui ni msamaha wa nini hasa, kama ni wa kulijua daraja au wa kutolijua, lakini kuna jambo moja anataka: waende wote wawili kwa kaka, sasa hivi, akausikie ukweli mbele yake. Mume wake ameshakufa mara moja, alisema, na hataki afe kila mara kaka anapolifungua lile daftari.

Wakaenda. Kaka alikuwa sebuleni anatengeneza pasi, vipande vimetandazwa juu ya gazeti. Alisimama alipowaona, akawapa viti, akamwita mkewe alete chai. Mchoraji hakungoja chai. Alisema alidanganya. Alisema hakuna chama na hakijawahi kuwapo, kwamba alisema vile kwa sababu kaka alikuwa anakufa mbele ya macho yake, na kwamba wifi ni shahidi. Wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia, akasema ni kweli, yeye ndiye aliyemsukuma. Kaka alisikiliza hadi mwisho. Aliitikia kwa kichwa, kwa upole, kama alivyoitikia maelezo ya daktari kabla ya kuvaa shati lake. Kisha akamgeukia mke wa Mrefu.

"Umeona, shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Hawaruhusiwi kukubali mbele za watu. Usimlaumu sana. Kuniambia mimi tu tayari alijiweka hatarini."

Mke wa Mrefu aliinywa chai yake yote, akakirudisha kikombe kwenye sinia, akasimama akaaga. Mlangoni alimshika mchoraji mkono, akaubana, akaenda zake. Hawakuonana tena.

Mambo ya mtandaoni yalipoa, kama yanavyopoa. Mwenye nyumba alipaka mlango rangi mpya. Kaka alirudi kazini, akapata mshirika mwingine, na wifi alisema sasa analala vizuri kuliko miaka yote. Ila alianza kupiga simu. Mara ya kwanza aliuliza kama inafaa akubali kazi ya kuvuta nyaya kwenye jengo jipya la ofisi. Mchoraji akasema afanye anavyoona mwenyewe. Kaka aliliwaza jibu hilo siku mbili, akaikataa kazi. Mara ya pili aliuliza kuhusu kuhama nyumba. Mchoraji akamkatia simu, halafu akajuta, akampigia, na simu haikupokelewa.

Jumanne moja asubuhi, mashine za chini zikiwa zimewaka na penseli zinatetemeka, alikuwa anachora boga kwenye pakiti ya mbegu simu ilipoita. Kaka alisalimia kwa adabu. Binti anaumwa jino, alisema, limeoza, shavu limevimba, na hospitali wanataka kuling'oa leo. Wamewapa chumba namba kumi na saba. Alitaka kujua kama mtoto anaruhusiwa kwenda.

"Kaka," alisema mchoraji, "mimi sina ruhusa ya kumpa mtu. Sijawahi kuwa nayo. Nakuapia kwa mama."

Kwenye simu alimsikia mtoto akilia kile kilio cha chini cha mtu ambaye amelia tangu usiku na amechoka, na wifi akimbembeleza.

"Nimekuelewa, dada," kaka alisema. "Basi hataenda."

"Subiri," alisema mchoraji.

Aliweka penseli chini. Mwenzake wa meza ya pili aliinua kichwa akamtazama, akarudi kwenye kazi yake. Mchoraji akakinga mdomo wake na simu kwa kiganja ili wenzake wasisikie, akamwambia kaka yake ampeleke, chumba hicho ni salama, watamngoja.